Tuliwakataza Kufagia

Shangazi yangu aliogopa maji kuliko alivyoogopa simba, na simba wa Rufiji hakuwa wa hadithi. Alizaliwa kwenye vilima vya Umatumbi, ambako maji hukaa kisimani yakamsubiri mtu ayafuate. Maji yanayomfuata mtu mpaka mlangoni kwake aliyahesabu kuwa ni utovu wa adabu. Aliolewa Kibiti, akawa mjane Kibiti, na katika miaka yote hiyo hakushuka Nyamisati kupanda boti isipokuwa kwa msiba. Kwa hiyo siku alipoingia dukani akaniambia amepata kazi ya kujenga zahanati ndani ya delta, mbele ya Salale, nilidhani anatania.

"Utafikaje?" nikamwuliza.

"Kwa boti, kama watu."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni kwa Mungu."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Saruji, ambayo utotoni mwangu ilipatikana kwa kibali na kwa kujuana, sasa ilirundikwa barazani watu wakaikalia kama viti. Kila mwenye roho ngumu alijaribu biashara: huyu mitumba, yule kambamiti wa kupeleka Dar es Salaam kwenye barafu, mwingine soda za makopo ambazo hakuna aliyejua namna ya kuzifungua bila kujimwagia. Shangazi alianza na matofali ya kuchoma, akaenda kwenye boriti, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na mwisho akajiandikisha kuwa mkandarasi wa daraja la chini kabisa. Wanaume wa pale njia panda walicheka mpaka wakachoka. Yeye hakuchoka.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu wakati serikali inapunguza watu badala ya kuongeza, nikarudi nyumbani na cheti changu na hasira zangu. Shangazi akanipa kazi dukani: kuandika, kupima misumari, na kugombana na wateja wabishi. Hilo la tatu nililifanya vizuri kuliko mengine.

Nilimpenda kabla ya hapo kwa kuwa ni damu yangu. Nilianza kumheshimu siku nilipomwona akiubomoa ukuta wake mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya mwalimu, kule barabara ya Ikwiriri, na ukuta ulikuwa umepinda kidogo sana. Fundi alilalamika kwamba plasta ingeficha. "Itakuficha wewe," Shangazi akamwambia, akaanza kuuvunja kwa nyundo, kanga kiunoni, jasho likimtoka. Tangu siku ile nilijua kwamba kubomoa hakumtishi, mradi kilichojengwa kiwe kibaya. Ndiyo maana mambo ya delta yalimuumiza vile: safari hii walitaka abomoe kitu kizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja la hisani lilitaka kujenga zahanati katika kijiji kilichozungukwa na mikoko, ambako mwanamke akishindwa kujifungua alipakiwa kwenye mtumbwi, na watu wakaanza kumwombea kabla hajafika popote. Wataalamu wa shirika walifika, wakatazama uwanja, wakapiga picha, wakarudi Dar es Salaam kuchora ramani. Ramani ilikuwa nzuri. Chumba cha dawa, chumba cha mganga, chumba cha kujifungulia, baraza pana mbele, na sakafu iliyolala chini karibu na ardhi ili mgonjwa asisumbuke kupanda. Shangazi aliitandaza juu ya mifuko ya saruji, akaitazama kama mtu anavyomtazama mchumba wa mwanawe. Hakuona kasoro, na mimi sikuiona.

Kasoro ilikuja yenyewe, kwa miguu yake, usiku wa mwezi mpevu. Mafundi walikuwa wamepanga saruji juu ya mbao, wakalala. Bamvua likaingia. Kwa asiyejua, bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambayo hupanda juu kuliko ya siku nyingine, halafu yakarudi baharini kama hayakufanya kitu. Tuliposhuka kutoka botini asubuhi ile, mifuko ya chini ilikuwa imeanza kugeuka mawe, na uwanja mzima ulikuwa na majani ya mikoko, povu, na kaa waliokuwa wanatutazama kama sisi ndio tumevamia. Shangazi alipanda juu ya lundo la kokoto, viatu mkononi, akasoma kila sura ya Kurani aliyoikumbuka.

Alipomaliza akamwita mkunga. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Yeye ndiye aliyewazalisha wanawake wa kijiji kile, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao katika kila jambo, kuanzia mazishi mpaka kupokea wageni.

"Mama, haya maji hufika hapa?"

"Hufika, yakaondoka."

"Mbona hamkusema?"

"Weye hukuuliza."

"Na wale waliokuja kupima, hawakuuliza?"

Mkunga akamgeukia kuku aliyekuwa anapita, akamfukuza, ingawa kuku yule hakuwa amekosa.

Shangazi hakuwa na elimu ya kupima bahari. Alikuwa na woga tu, na woga ule ulikuwa na akili. Alitazama kijiji kilivyo: nyumba zimesimama juu ya nguzo za miti, na mashambani kwenye mpunga madungu yao yamesimama juu zaidi, mtu anapanda kwa ngazi kwenda kulala. Akasema sakafu ya zahanati itainuliwa juu ya nguzo za zege, au yeye hatajenga. Akatuma habari kwa msimamizi wa mradi aje aone.

Msimamizi alikuja, maskini, akitapika tangu Nyamisati. Alikuwa kijana mwungwana lakini tumbo lake halikuumbwa kwa mawimbi. Alitembea uwanjani ameshika kichwa, akaona saruji iliyokuwa jiwe, akaona tope, akasema mbele ya mafundi na mbele ya mkunga: "Mama, inua. Endelea na kazi. Karatasi zitafuata." Kisha akaomba ndimu, akapanda boti.

Kwetu mtu mzima akitamka neno mbele ya watu, neno limekwisha. Ndoa zinafungwa hivyo, mashamba yanagawanywa hivyo. Shangazi akainua nyumba. Akaweka nguzo nene, akaweka ngazi, na pembeni mwa ngazi akatengeneza njia ya mteremko ya kupandishia mgonjwa wa machela. Nilikwenda kuitazama ilipoezekwa bati, nikasimama kwa mbali, na nakiri nilijivuna kama niliijenga mimi. Bamvua lilipita chini yake, likatoka upande wa pili.

Karatasi hazikufuata. Msimamizi yule alipata nafasi ya kwenda kusoma nje ya nchi, akaondoka, na neno lake likaondoka naye. Aliyekuja badala yake hakutapika hata kidogo. Alishuka botini na ramani mkononi, akaitazama nyumba, akaitazama ramani, akasema, "Hii siyo nyumba tuliyoagiza."

Na kwa haki, haikuwa. Mkataba ulisema wazi kwamba mabadiliko yoyote lazima yaagizwe kwa maandishi kabla ya kazi kufanyika. Shangazi hakuwa na maandishi. Kufuli likatiwa mlangoni, na shirika likatoa masharti: abomoe, ajenge upya kama ramani inavyosema, la sivyo watamshtaki afutwe kabisa kwenye orodha ya makandarasi. Nyumba ikasimama na kufuli lake juu ya nguzo zake, na wanawake wa kijiji wakaendelea kupakiwa mtumbwini.

Niliwaka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wakati ule nilikuwa kijana, kwa hiyo zilikuwa karibu zaidi. Nilitaka tuandike gazetini, twende Utete kwa wakubwa wa wilaya, tumfuate yule msimamizi hukohuko aliko. Shangazi aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, akaniambia, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nenda kalete chai."

Shauri lilipelekwa kwa msuluhishi, kama mkataba ulivyoelekeza. Pande zote mbili zilimkubali mzee mmoja, mhandisi mstaafu, mtu wa maneno machache na miwani mizito. Akakaa kusikiliza kwenye ukumbi pale Kibiti, feni ikilia juu ya kichwa chake. Shirika lilileta wakili kutoka Dar es Salaam, mwenye suti na viatu vinavyong'aa. Shangazi hakuleta wakili. Alinileta mimi, mwalimu asiye na darasa.

Wakili alikuwa hodari, lazima niseme. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba hatujaja kujadili kama nguzo ni nzuri au mbaya, bali nani ana haki ya kubadilisha nyumba ya mwenzake bila idhini. "Kila mkandarasi akijenga anavyoona," alisema, "hakuna haja ya kuchora." Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikajikamata. Halafu akatoa picha walizopiga wataalamu siku ile ya kwanza. Alisema wataalamu walifika, waliona kwa macho yao, na huu hapa uwanja: mkavu, msafi, hauna dalili yoyote ya maji. Kama mkandarasi aliona bahari, basi aliiona peke yake.

Picha ikapitishwa. Shangazi aliikamata muda mrefu, mpaka msuluhishi akakohoa. Akanisogezea, akaweka ukucha wake chini kabisa ya picha. "Tazama mchanga," akaninong'oneza.

Nikatazama. Mchanga ulikuwa na mistari, mistari myembamba iliyopangana, kama kichwa cha mtoto kilichotoka kuchanwa. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyeijua mistari ile. Ni alama ya ufagio wa chelewa.

Walikuwa wamefagia. Wamesikia wageni wakubwa wanakuja kutoka Dar es Salaam, wakafanya lile ambalo kila mama hufanya kabla mgeni hajafika: wakafagia uwanja tangu alfajiri, wakazoa majani ya mikoko, wakazoa povu na tope lililokauka, wakayafukia matundu ya kaa kwa kisigino. Maji yalikuwa yameacha habari zake zote pale chini, na wanawake wakazifuta kwa heshima. Wageni wakakuta uwanja kama mkeka, wakasifu, wakapiga picha, wakaenda kuchora nyumba ya nchi kavu.

Nikanyanyuka kusema. Shangazi akanikanyaga mguu, kwa nguvu, nikakaa. Yeye akasimama akaomba jambo moja tu: msuluhishi afike mwenyewe akaitazame nyumba kabla hajaamua. Mzee akakubali. Wakili naye akakubali, akachagua siku. Nadhani alimwuliza mtu anayeyajua maji, kwa kuwa siku aliyoichagua iliangukia maji mafu, wakati bahari haina nguvu ya kupanda hata ufukweni. Sikumlaumu sana. Kuviingiza viatu vile majini kungemuumiza mtu yeyote roho.

Tulipotoka nje nikamvuta kando. "Walijua!" nikamwambia. "Yule mkunga alijua. Walificha ili zahanati isipelekwe kijiji cha ng'ambo ya mkondo, ambako maji hayafiki. Sema hivyo, Shangazi! Sema walidanganya wataalamu, wewe utatoka safi."

"Nitatoka safi," akasema. "Na mwenye mradi akisikia kijiji kilimdanganya, atafanya nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Atafunga virago. Jina langu litapona, na wao watarudi mtumbwini. Hapana. Nyumba ile sikuijengea jina."

Lakini aliijengea jina pia, na mimi nilijua hivyo. Jina lile la mkandarasi alilipata kwa kuchekwa na mji mzima. Nilimwangalia akivuka barabara kwenda dukani, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, nikaona mtu anayekubali ukuta wake ulionyooka uangushwe, kwa sababu akiutetea utamwangukia mwenzake. Sijui wengine wanaliita nini jambo hilo. Mimi nilitaka kulia, nikaenda nikagombana na mteja.

Siku chache kabla ya ziara tukapanda boti, Shangazi kafumba macho njia nzima. Alikwenda kuwaomba wanawake jambo moja, na sijawahi kuona ombi dogo likileta vita kubwa vile.

"Kuanzia leo," aliwaambia, "uwanja wa zahanati msiufagie."

Wakadhani hawakusikia vizuri.

"Msifagie. Hata jani. Bamvua lililopita liliacha uchafu wake. Uacheni mpaka mzee aje auone."

"Hata mavi ya mbuzi?" akauliza mmoja.

"Hata hayo."

Mkunga akasimama. "Hebu tuelewane, mama. Mgeni mkubwa anakuja kwetu kutoka mjini, siye tumpokee uwanja kama zizi? Tutaitwa watu gani?"

"Mtaitwa watu wenye zahanati."

"Mama zetu walizikwa wakijulikana kwa usafi. Nyie watu wa milimani mnaoga kwa kikombe, hamwezi kujua."

Wakacheka, maana utani baina ya watu wa mlima na watu wa maji ni wa zamani, na Shangazi akacheka nao. Kisha akaacha kucheka. Akawaambia kuhusu picha. Akawaambia ameiona mistari ya ufagio. Mkunga akakaa chini polepole.

"Utawaambia?" akauliza.

"Sitawaambia. Hilo ni lenu. Mimi naomba ufagio ulale tu."

Siku ilipofika, nilipoiona njia kutoka botini nilishindwa kujizuia, nikacheka kwa sauti. Walikuwa wamefagia kila mahali. Njia yote kutoka majini, nyuma ya nyumba zao, chini ya minazi, kila upande mchanga ulikuwa na mistari yake. Walifika mpaka kwenye ukingo wa uwanja wa zahanati, ufagio ukakomea hapo kama umekutana na ukuta. Ndani ya uwanja kulikuwa na majani meusi yaliyooza, magamba, povu lililokauka, vijiti, na kila ambacho bahari haikukitaka. Wanawake walijipanga pembeni na kanga zao za sikukuu, wamejifunika nusu ya nyuso kwa aibu.

Msuluhishi alisimama akatazama. Wakili naye alitazama, akatabasamu. "Mheshimiwa," akasema, "wataalamu wetu walikuta uwanja safi. Leo, wakati wa ukaguzi, tunakuta jalala. Naomba tujiulize uchafu huu umeletwa na nani, na kwa faida ya nani."

Lilikuwa pigo la haki, kwa mtu asiyejua. Msuluhishi akamgeukia Shangazi. "Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Neno moja tu, *walifagia*, lingetosha. Nilimwona analimeza. "Sina, mheshimiwa," akasema, na mimi nikahisi ile nyumba inaanza kubomoka kichwani mwangu, bati kwanza, kisha kuta.

Ndipo mkunga akatoka kwenye mstari wa wenzake. Alivuta kanga kutoka usoni.

"Huyu mama ameahidi kutotusema," akaanza, "kwa hiyo nasema miye. Siku walipokuja kupiga picha tulifagia. Wenzangu walifagia kwa heshima ya mgeni, hawana kosa. Miye nilifagia kwa hofu. Nilijua wakiona alama ya maji, nyumba itakwenda ng'ambo. Nimewashika wanawake wengi mikononi mwangu, mheshimiwa, na wengine sikuwarudisha kwa mama zao. Niliitaka ile nyumba. Matundu ya kaa niliyafukia kwa mguu wangu huu." Akaunyanyua mguu, kweli, watu wauone. "Mficha uchi hazai. Na mkunga ndiye wa kwanza kulijua hilo."

Wakili alikuwa ameacha kutabasamu, na kwa heshima yake sikumwona akitafuta neno la kumpinga.

"Kuhusu jalala," mkunga akaendelea, sasa sauti yake ya kuamrisha imerudi, "majani mtu anaweza kuyabeba kwa mtumbwi akayamwaga. Nakubali. Hebu pita huku chini, mheshimiwa, uniambie kaa nao nani aliwaamuru wachimbe."

Mzee akapiga goti, akaingia chini ya sakafu, suruali yake ikashika tope. Matundu ya kaa yalikuwa mengi mpaka kwenye nguzo za katikati. Kwenye kila nguzo kulikuwa na mstari wa chumvi na tope, urefu uleule, nguzo zote, mstari ambao hakuna mkono wa mtu ungeweza kuupima sawa namna ile. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alimwuliza Shangazi swali moja.

"Kwa nini hukusimamisha kazi, ukasubiri maandishi?"

"Niliogopa maji, mheshimiwa. Na niliamini neno la mtu."

"Ulipaswa kusubiri."

"Nilipaswa," akasema Shangazi.

Baada ya hapo tukasubiri sisi. Mwezi wa Ramadhani ukaandama, tukafunga. Shangazi aliendelea kuuza misumari na kuswali tarawehe, na mtu akimwuliza habari za shauri alimjibu, "Liko kwa mwenyewe." Usiku mmoja nilimkuta amekaa na ramani ile ya kwanza mapajani. Alisema alikuwa anaitazama tu, kwamba ni ramani nzuri, kwamba mahali pengine ingefaa sana. Idi ikaja, tukapika pilau, ikapita. Ndipo tukaitwa ukumbini.

Msuluhishi alisoma uamuzi wake bila kuinua macho. Ramani ilikuwa na kosa, alisema, na anayechora nyumba ya watu wa maji ana wajibu wa kuyauliza maji yenyewe. Hawezi kutegemea uwanja uliopambwa kwa ajili yake. Mkandarasi naye alikosea kujenga kwa neno la mdomo, kwa hiyo gharama ya nguzo zile hataidai kwa mtu. Lakini nyumba haitabomolewa. Ramani itarekebishwa ifanane na nyumba, na jina la mkandarasi litabaki lilipo. Kufuli litolewe. Wakili alikuja kumpa Shangazi mkono, akautikisa mkono ule kwa mikono yake miwili. Shangazi akasema Alhamdulillahi, na papo hapo akaanza kunigombeza kwamba duka limefungwa mchana kutwa.

Tukaenda delta kupeleka ufunguo. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na Shangazi safari hii alifumba jicho moja tu. Tulipotokeza mbele ya zahanati tukasimama wote wawili.

Uwanja ulikuwa haujafagiwa. Uchafu wa siku ya ziara ulikuwa palepale, na juu yake ulikuwepo uchafu wa mabamvua yaliyofuata, majani juu ya majani, mpaka ngazi ya kwanza ilikuwa haionekani. Pembeni, mpaka kwenye ule ukingo wao, mchanga ulikuwa msafi una mistari.

"Mbona hivi?" Shangazi akamwuliza mkunga. "Mbona hamjafagia?"

"Ulisema tusifagie," mkunga akajibu. "Mwisho wake hukututajia."

"Hata Ramadhani?"

"Hata Ramadhani."

"Hata Idi?"

Mkunga akatazama chini. "Hata Idi. Watu wa ng'ambo walikuja kutupa mkono wa Idi, wakaona, wakatucheka. Tukawaacha wacheke. Tulisema, yule mzee anaweza kurudi kutazama tena kabla hajaamua. Akikuta tumefagia, atasema wale wanawake ni waongo mara ya pili, na nyumba itavunjwa."

Nimemwona Shangazi akizika mume, nimemwona akichekwa, sikuwahi kuona uso wake ukifanya vile. Alimpa mkunga ufunguo, akamkumbatia, akalia wazi mbele za watu, na mimi niliye mkali nikalia zaidi yake. Alipojifuta akanyoosha mkono akaomba ufagio.

"Mgeni hafagii," mkunga akasema, akauficha nyuma yake.

"Nani mgeni? Nipe."

Akapewa. Akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, akaanza kufagia kutoka kwenye ngazi. Nyuma yake maji ya bamvua yalikuwa yameanza kuingia kupitia mikokoni, na wanawake wakaangua kicheko, wakimwambia huyu Mmatumbi hana akili, nani anafagia na bamvua linaingia. Hakuacha. Maji yakamfika vidoleni, yakamfika kwenye kisigino, akaendelea kufagia, wala hakusoma sura yoyote.

"Acha, mama," mkunga akamwambia. "Kesho patachafuka tena."

"Kesho mtafagia nyie," akasema Shangazi.